Ambulensi na zimamoto ziwekwe chini ya mkuu mmoja

Mhariri,

Majuzi nyumba ya jirani yetu hapa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, ilishika moto kwa sababu ya mtungi wa gesi uliokuwa ukivuja. Tulipiga simu mbili, moja ya kuita gari la zimamoto na nyingine ya kutafuta ambulensi. Wazimamoto walifika, wakapitisha mipira ya maji katika vichochoro vyetu vyembamba na kuuzima moto kwa ujasiri ambao sitausahau. Mama aliyeungua mikono alikaa barazani akisubiri, na hatimaye tukampeleka hospitalini kwa teksi.

Tangu siku hiyo najiuliza ni kwa nini huduma mbili zinazohitajika mahali pamoja, dakika ileile, hupangwa kana kwamba hazijuani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti huduma zote mbili, lakini ambulensi ikatajwa chini ya afya, nao uzimaji moto ukaambatanishwa na udhibiti wa majanga. Mgawanyo huo hauizuii kaunti kuziweka chini ya amri moja, kwa kuwa mwajiri ni mmoja na bajeti hupitishwa na bunge lilelile la kaunti.

Katika kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia nchini Marekani, idara moja yenye mkuu mmoja ndiyo huzima moto, huokoa watu na kuwahudumia wagonjwa wa dharura. Wafanyakazi hupokezana kwa zamu za saa 24, na ambulensi hukaa katika vituo vilevile vya magari ya zimamoto. Zaidi ya yote, kila mzimamoto hufunzwa tiba ya dharura, hivi kwamba gari lolote litakalotangulia kufika huwa na mtu anayejua kufunga jeraha na kumsaidia asiyepumua vizuri. Na kwa kweli simu nyingi wanazopokea ni za wagonjwa wala si za moto.

Najua Fairfax ina fedha ambazo sisi hatuna. Hata hivyo, kuhamishia ambulensi moja na wahudumu wake katika kituo cha zimamoto cha Barabara ya Tom Mboya, na nyingine katika kile cha Industrial Area, hakuhitaji kujenga jengo jipya. Kinachohitajika ni nambari moja ya simu, chumba kimoja cha kupokea taarifa, na kanuni iliyoandikwa inayosema nani anaongoza pale kwenye mkasa. Wakazi wa mtaa wa Sinai hapa Nairobi walioshuhudia moto wa Septemba 2011, na majirani zetu waliokimbia mlipuko wa gesi Februari 2024, wanajua majeruhi wanapokuwa wengi hakuna nafasi ya idara mbili kuulizana.

Nawaomba wawakilishi wa wadi zetu 85 waidai kanuni hiyo kabla ya kuidhinisha bajeti ijayo ya idara hizo mbili.

Mkazi wa Pipeline,
Nairobi