Shukrani kwa kaka wa baiskeli, Igombe

Kaka uliyepita njia ya mwaloni ukanikuta nalia mbele ya matuta ya mchicha yaliyomalizwa na mbuzi, ahsante sana. Hukuuliza hata jina. Uliegesha baiskeli, ukakata minyaa, ukanionya nisijishike machoni maana utomvu wake unaweza kupofusha. Ukaichomeka iwe ua, ikikaribiana, shubiri kwa shubiri, na chini ukazungushia nyavu chakavu, ukazikaza kwa vigingi ili hata mwanambuzi asipenyeze kichwa. Mimi nilikuwa nikiegemeza miiba tu, wanaisukuma wanaingia! Jioni ukakataa hata pesa ya soda. Mungu akubariki, kaka yangu. Minyaa imeshika, mchicha umechipua upya na wanangu wanakula mboga. Ukipita tena piga hodi, fungu lako lipo.