Kocha msaidizi abadilishwe msimu ukiisha

Mhariri,

Timu ya chuo ikipigwa mfululizo katika futiboli ya Kimarekani, wa kwanza kunyooshewa kidole ni kocha msaidizi. Mwaka 2016 timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame ilimtimua kocha wake wa ulinzi, Brian VanGorder, siku moja tu baada ya timu ya Chuo Kikuu cha Duke kuwafunga 38-35 nyumbani kwao. Bado walimaliza na ushindi 4, vipigo 8. Mike Elko alipokabidhiwa ulinzi mapema kabla ya msimu wa 2017, wakashinda 10.

Mabadiliko nayaunga mkono, ila msimu ukiisha. Vijana hawa wana masomo pia. Mfumo mpya wa kukaba hawaushiki kwa wiki moja. Na kocha mkuu aliyemwajiri msaidizi huyo, mbona haulizwi?

Msomaji wenu,
Indiana, Marekani