Taarifa ya mwaka 2025 ya mwenyekiti kwa mafundi wa chukudu, Goma

Ndugu wanachama,

Vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari, benki zilifungwa na wengi wetu tulidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwezi Februari kambi za wakimbizi pembezoni mwa mji zilibomolewa, na watu wakarudi vijijini na magodoro, sufuria na mahema yao juu ya chukudu, hizi baiskeli zetu za mbao za kusukuma, za magurudumu mawili. Aliyekuwa na gurudumu bovu alilitaka lipone siku hiyohiyo.

Haraka ile ndiyo imetuharibia kazi, nami nataka tuizungumze wazi. Mti unaangushwa juma hili, juma lijalo umeshakuwa gurudumu. Mti mbichi ukikauka hunywea: tundu la katikati linapoteza uduara wake na kuibana rulema (beringi) isiyonywea, kisha ufa unatoka hapo hadi ukingoni. Ule mkanda wa tairi kuukuu tunaougongomea misumari hauwezi kuuzuia. Chukudu kubwa hubeba kilo mia kadhaa. Ikiteremka kutoka Kibumba, kule juu kaskazini mwa mji, na viazi na kabichi, mwenyewe amepiga goti juu ya ubao, breki yake ni kipande cha mpira anachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu likipasuka pale, anayevunjika ni baba wa watoto.

Kwa hiyo kamati imeamua: gurudumu la mti mbichi lisitoke mikononi mwa mwanachama yeyote. Najua mumba, ule mti mgumu tunaochongea, ukiwa mkavu ni ghali na mteja hana subira. Ndiyo maana tunapendekeza kununua magogo kwa pamoja, kuyapasua, na kuzipanga mbao kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite.

Fedha mhazini atazieleza. Zilizo benki hatujaweza kuzitoa.

Kuhusu vijana, inaniuma kuona mwanafunzi anafagia maranda mwaka mzima bila kushika tezo. Pikipiki za magurudumu matatu zinatunyang'anya mizigo kwenye lami, lakini njia za mawe ya volkano bado zinatuhitaji. Chukudu imelisha Goma tangu miaka ya 1970, na sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama mjini tangu 2009. Mpeni kijana gurudumu achonge, mkiwa pembeni yake.

Anayetaka kuingia katika ununuzi wa mumba aandikishe jina kwa katibu leo, kabla hatujatawanyika, ili mbao ziwe chini ya paa kabla ya mvua za Machi.