Risala ya Wanafunzi wa Radiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Radiografia Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tarehe 8 Novemba, siku ambayo mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani. Nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa, mtoto kameza kitu. Picha ya kifua inaonyesha duara jeupe kwenye umio, na wengi watasema ni sarafu. Ukitazama vizuri ukingoni, ukaona mduara wa pili ulio hafifu, basi hiyo ni betri bapa, na inaweza kuunguza umio vibaya ndani ya saa 2. Mwanafunzi anaweza kumaliza mafunzo bila kumwona mtoto huyo, kisha akaletewa usiku akiwa zamu peke yake. Hapo ndipo mkusanyo wa visa vya kufundishia unapookoa: picha, maelezo ya mgonjwa, na zaidi ya yote jibu la mwisho, kwamba daktari wa upasuaji alikuta nini au maabara ilisema nini. Bila jibu hilo tunabaki kubishana tu darasani.

Mikusanyo ya bure ipo mtandaoni. Radiopaedia, iliyoanzishwa Australia mwaka 2005 na Frank Gaillard, tunaisoma kila bando linaporuhusu. Lakini tunataka na wa kwetu. Kibofu kilichokaa na kichocho miaka mingi, ukuta wake ukishajaa chokaa, huonekana kwenye eksirei ya nyonga kama kichwa cha mtoto aliye tumboni. Mwenzetu wa Ulaya huenda akakiona vitabuni tu. Sisi mgonjwa huyo huja mwenyewe, tunaandika ripoti, na baada ya muda hakuna ajuaye picha iko wapi. Tungependa zihifadhiwe hata picha za watu wasio na ugonjwa, maana asiyezoea kifua kizima huona TB kila mahali.

Changamoto yetu kubwa ni majina ya wagonjwa. Jina haliandikwi pembeni mwa picha tu. Limo pia ndani ya faili, na mashine ya ultrasaundi mara nyingi hulichapa juu ya picha yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana, na ni haki itubane.

Kwa hiyo tunaomba kompyuta moja na diski ya akiba, daktari bingwa wa kukaa nasi saa moja kila wiki kuhakiki visa, na kibali cha uongozi wa hospitali cha kutunza picha zilizoondolewa majina. Kompyuta ikichelewa tutavumilia. Kibali tunakiomba kwanza, kwa sababu mashine ikijaa, picha za zamani hufutwa.

Tunaomba kuwasilisha.