Malalamiko Kuhusu Taka Ndani ya Robota la Nguo za Watoto

Soko la Gikomba,
NAIROBI.

12 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Uagizaji wa Mitumba,
NAIROBI.

Bwana Meneja,

KUH: ROBOTA LA KILO 45 LILILOFUNGWA NA TAKA

Nimenunua mzigo kwenu miaka tisa na sijawahi kuwaandikia. Alhamisi iliyopita nilifungua robota lililoandikwa kuwa ni la nguo za watoto, daraja la kwanza. Kamera, yaani zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, hazikujaza hata gunia moja. Zikafuata fagia, zile za bei ya chini, nazo zina wanunuzi wake. Kilichonisukuma kuandika ni kile kilichobaki chini: soksi za mguu mmoja, fulana zenye madoa ya rangi, suruali zilizochanika matakoni, jaketi za poliesta zisizofungika. Nilipima mabaki hayo. Kilo 14, na nimezilipia bei ileile ya nguo nzuri.

Hasara ya pesa nimeizoea. Nisichoweza kuzoea ni kwamba mnataka mimi ndiye nizitupe. Hata wanaonunua vitambaa vya kufutia mashine gereji walizikataa, kwa kuwa poliesta hainyonyi vizuri kama pamba. Mwenye mkokoteni akaniuliza: Dandora au mtoni? Jaa la taka la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na bado linamwagiwa. Mto Nairobi unapita hapa sokoni, unaingia Mto Athi, na maji hayohayo yanafika baharini karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli. Ni plastiki iliyofumwa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, nilitii. Leo plastiki inanijia kutoka kwenu ikiwa na mikono na kola.

Mzazi wa Ulaya aliyetoa nguo hizi alidhani anamvika mtoto, simlaumu. Lakini aliyezichambua kule alijua soksi moja haiuziki. Kwake kuitupa ni gharama, kwa hiyo akanipimia mimi kama bidhaa, nanyi mkapokea pesa. Tangu Januari mwaka huu nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu mbali na taka nyingine. Mnajua zitaelekea wapi.

Siombi mitumba ikomeshwe. Ndiyo iliyowasomesha wanangu. Naomba mnirudishie thamani ya kilo 14, mfungue robota moja la kila kontena mbele ya wanunuzi kabla ya kuuza, na mabaki myapokee na kumrudishia aliyeyafunga, kwa gharama yake.

Mwenye mkokoteni sikumpa kitu. Kilo zile ziko kibandani kwangu, na nitazileta ofisini kwenu Jumatatu, 24 Februari, saa nne asubuhi, pamoja na risiti na lebo ya robota.

Wenu mwaminifu,
Mama muuza nguo za watoto, Gikomba