YAH: VIFURUSHI VYA SAKETI YA MKONDO USIOBADILIKA VISIVYOFANYA KAZI KWA VOLTI 3

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari. Mwezi uliopita nilinunua kwenu vifurushi 12 kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Karatasi iliyomo ndani inasema saketi hutoa miliampea 20 zisizobadilika "kuanzia volti 3 hadi 9", na LED (taa ndogo ya kielektroniki) iliyowekwa humo ni nyeupe.

Tuliunga vyote 12 kwa betri mbili za tochi, yaani volti 3. Hakuna hata kimoja kilichowaka. Tulipoongeza betri ya tatu, yaani volti 4.5, mita ilionyesha miliampea 4 tu. Mwanafunzi mmoja alifungua lehemu yake mara mbili akaunga upya, akiamini kosa ni lake. Kazi yake ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Kosa liko kwenye mchoro wenu. Mmetumia LM317, kidhibiti cha volti, pamoja na rezista ya omu 62. Hesabu ya mkondo ni sahihi, kwa kuwa volti 1.25 gawanya kwa 62 ni miliampea 20. Lakini hizo volti 1.25 hubaki kwenye rezista, LM317 yenyewe hudai kama volti 1.5, na LED nyeupe huchukua kama 3.1. Jumla inakaribia volti 6. Chini ya hapo kifaa hakidhibiti kitu.

Nilipopiga simu niliambiwa tutumie betri ya volti 9. Kwa betri hiyo saketi inafanya kazi, sikatai. Ila betri ya volti 9 ni ghali na huisha upesi, wakati betri za tochi zinapatikana duka lolote la kijijini. Nilichagua bidhaa yenu kwa sababu ya ile volti 3 mliyoiandika.

Na dawa yake ni rahisi kuliko mlichouza. Chukueni transista mbili za BC547, kila moja yenye miguu mitatu: kolekta, beizi na emita. Ya kwanza ipitishe mkondo wa LED, na kati ya emita yake na hasi ya betri muweke rezista ya omu 33. Ya pili, emita yake ikiwa kwenye hasi, beizi yake iguse ncha ya rezista hiyo iliyo upande wa emita ya kwanza na kolekta yake iguse beizi ya kwanza, ambayo inalishwa kutoka chanya kupitia rezista ya omu 1,500. Volti ya rezista ikifika kama 0.65, transista ya pili huiba mkondo wa beizi na kuizuia ya kwanza isizidi miliampea 20. Saketi nzima hudai volti 0.8 hivi zaidi ya zile zinazochukuliwa na LED. Nimeijaribu: LED nyekundu inawaka vizuri kwa betri mbili, nyeupe kwa tatu. Mkondo hupungua kidogo joto likipanda, lakini kwa darasa unatosha.

Naomba mnitumie transista 24, rezista za omu 33 na 1,500 kumi na mbili kila aina, na LED nyekundu 12, au mnirudishie fedha zote. Naomba pia karatasi ile irekebishwe kabla hamjaiuzia shule nyingine. Risiti na vipimo vyetu nimeviambatisha. Mtihani wa vitendo uko karibu, hivyo nasubiri jibu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mwalimu wa Fizikia