Msicheleweshe kisu kwa kusubiri chumba cha oksijeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye wagonjwa wa maambukizi yanayoozesha nyama ya mwili. Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye wodi ya upasuaji, swali linaloniuma kuliko yote ni hili: "Sista, kwani hakuna njia nyingine ila kumkata?" Siku hizi huongezewa: "Tumesikia kuna chumba cha oksijeni."

Chumba hicho kipo, na kina faida. Mwaka 1961 madaktari wa Amsterdam, akina Boerema na Brummelkamp, walieleza jinsi walivyotibu gangrini ya gesi, yaani uozo wa misuli unaojaza gesi ndani ya nyama, kwa kumvutisha mgonjwa oksijeni tupu, ndani ya chumba chenye shinikizo mara tatu ya hewa ya kawaida. Bakteria wake, Clostridium, hustawi pasipo na oksijeni. Oksijeni ikijaa, hushindwa kutengeneza ile sumu inayoua misuli.

Lakini oksijeni hiyo hubebwa na damu, na nyama iliyokufa haifikiwi na damu. Antibiotiki nazo hupita njia hiyohiyo. Kilichooza hakina dawa, ni kukiondoa. Daktari hukata mpaka afike penye nyama hai inayovuja damu, na kwa kawaida mgonjwa hurudishwa thieta ndani ya saa 24 kukaguliwa, pengine akatwe tena. Najua ndugu wanavyoumia wakiona hivyo. Mara ya pili haina maana kwamba ya kwanza iliharibika. Uozo huu hutambaa chini ya ngozi inayoonekana nzima.

Oksijeni ifuate hapo, kama ipo karibu na mgonjwa anaweza kuhimili safari: dakika 90 hivi kila awamu, hata mara tatu siku ya kwanza. Kwa maambukizi mengine yanayoozesha nyama, yasiyo ya Clostridium, ushahidi wake ni mwembamba zaidi. Kumsafirisha mtu kwenda kutafuta chumba kabla hajapasuliwa ni kumpotezea saa ambazo hana.

Basi mkiona maumivu makali yasiyolingana na kidonda, uvimbe unaopanda kwa saa, ngozi inayogeuka rangi au inayotoa mlio mdogo ukiibonyeza, mkimbizeni hospitali usiku huohuo. Na maumivu yakitulia ghafla huku uvimbe ukiendelea, msishangilie. Huenda mishipa ya fahamu imekwisha kufa.

Muuguzi, wodi ya upasuaji